Kitenge Chekundu, Kitenge cha Bluu

Placida alikuwa mwanamke Mkongo wa Uvira asiyejua kunyamaza, na riziki ikampeleka kwenye kazi ya kimya: kusafisha vyumba vya hoteli moja huko Hayes kwa Waingereza, karibu na uwanja wa ndege. Nafuu yake ilikuwa wenzake wawili, Ndrita wa Albania na Valdete wa Kosovo. Lugha yao moja, kicheko chao kimoja; ukiwasikia wakimsengenya meneja ungedhani wametoka tumbo moja. Walikunywa chai wote watatu katika chumba cha mashuka, na Placida aliwafundisha kwamba haingii mtu humo bila kubisha hodi. Binti yake, Miradie, aliwaita wote wawili mama mdogo.

Februari 2008 Kosovo ikatangaza uhuru. Albania haikuchelewa, ikaitambua kesho yake. Serikali zikapeana mikono. Chumba cha mashuka kikanuna.

Kisa, bendera. Ndrita alitegemea kuona ile nyekundu yenye tai mweusi, ambayo Waalbania wa pande zote mbili za mpaka waliipeperusha miaka nenda miaka rudi. Valdete akaja kazini na beji ya bluu, bendera mpya ya nchi yake.

"Mwaka wa tisini na tisa, mlipokimbia vita, mama yangu kule Kukës aliwapa watu wenu vitanda vyetu, sisi tukalala chini," Ndrita alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo nyekundu imewachosha?"

Valdete, ambaye naye alihifadhiwa mwaka huo huko Kukës, mji wa Albania ulio mpakani, alibeba ndoo yake, akatoka. Wakaacha kusemezana.

Pabaya hapo, maana Miradie alikuwa anaolewa Agosti, na Placida aliwataka mama wadogo wote wawili waingie ukumbini wakicheza, wamevaa sare. Kila mmoja akamjibu vilevile: yule akija, mimi siji. Placida alilia kwelikweli, kamasi akafuta kwa taulo la hoteli.

"Mama, just pick one," Miradie akamwambia.

"Nikate mukono gani?" mama yake akamuuliza.

Akaenda Southall kwa Chaman, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu aliyeuza vitambaa, akaomba kitenge cha mama wadogo wawili.

"Wa upande wa bibi harusi ama wa bwana?" Chaman akauliza. "Si kila upande uko na sare yake?"

Placida alimkodolea macho, kisha akacheka hadi wateja wakageuka. Sare ni moja kwa kila ukoo, lakini harusi ina koo mbili! Akanunua chekundu na cha bluu. Ndrita akamweka upande wa bibi harusi. Valdete akamwombea nafasi kwa wakwe, nao wakampokea bila maswali, maana mgeni anayejua kucheza hakataliwi. Aliwaahidi hawataketi meza moja, na hakusema uongo. Kwamba pande mbili hukutana katikati ya ukumbi kupeana zawadi, hilo, jamani, lilimpitia.

Siku ikafika. Rumba ikapigwa, wekundu wakatoka huku, wa bluu wakatoka kule, kina mama wakijimwaga, na hao wawili wakajikuta uso kwa uso, kila mmoja na kapu lake la zawadi. Ndrita akaacha kucheza. Placida alikuwa na roho mkononi: akigeuka huyu, nimewapoteza wote wawili.

Valdete akasema kwa Kiingereza, ili Placida naye asikie: "Kukës nilikula kwenu, nikalala kwenu, nikalia kwenu. Sikuwa na mlango wa kukukaribishia. Leo ninao, Ndrita. Ni wa bluu, basi."

Ndrita akaliweka kapu chini, akainua ngumi, akagonga hewani polepole.

"Hodi," akasema.

"Karibu," Valdete akajibu.