Mshona Magodoro Ang'olewa Gego

Palikuwa na mwanamke mmoja wa miaka hamsini na miwili, mshonaji wa vitambaa vya magodoro, aliyeishi na gego bovu miezi mitatu bila kumwambia mtu. Kiwandani aliketi nyuma ya cherehani, shavu la kushoto limetuna kama la mtu aliyeficha yai, mpaka wenzake wakampa jina la Shavu. Hilo hakulijali. Lakini siku moja maumivu yalimpanda hadi kisogoni, akajishona kidole, na msimamizi akaizima cherehani kwa mkono wake mwenyewe.

"Dawa ya jino ni kung'oa," akamwambia. "Nenda sasa hivi."

Daktari wa meno alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake, mikono midogo, nguvu za fundi gari. Gego lilikataa kutoka zima. Likatoka vipande vitatu. Daktari akamng'atisha shashi, akaanza masharti.

"Mama, leo huinami, hubebi kitu, husimami jikoni. Usiteme mate kwa nguvu, usisukutue mpaka kesho. Kula laini, kisiwe cha moto. Meza dawa kabla ganzi haijaisha. Na usiku lala kichwa kikiwa juu. Nyumbani kuna wa kukusaidia?"

Shavu alifikiri. Kulikuwa na mumewe, dereva wa lori aliyestaafu. Kulikuwa na wifi yake, dada mkubwa wa mume, mjane aliyekuja kukaa wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wa tisa. Wa kusaidia walikuwapo. Msaada wenyewe ndio haujawahi kuonekana.

Akaonyesha kwa mkono kwamba anataka masharti yale yaandikwe, na karatasi ipigwe muhuri.

"Muhuri wa nini tena, mama?" daktari akacheka.

"Wa nyumbani kwangu," akajibu kwa taabu, kinywa kimejaa shashi.

Alipita kiwandani akachukua mabaki mawili ya sponji ngumu, ile isiyobonyea. Alipofika nyumbani hakwenda chumbani. Alikwenda sebuleni kwenye kiti kikubwa cha mumewe, akaegemeza sponji moja mgongoni na nyingine shingoni, akatandika shuka, akameza dawa, akaketi. Kitambaa chenye barafu shavuni. Akatia nanga.

Wifi alitokea mlangoni. "Wifi, jioni hii tunakula nini?"

Shavu akamnyooshea karatasi. Wifi akaisomea mbali, mkono umenyooka.

"Karatasi ndiyo itatupikia? Jino moja tu, na kinywani yamebaki tele! Mimi nilijifungua alfajiri, adhuhuri niko kwenye kinu natwanga."

Shavu akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi: HONGERA.

Mume aliporudi alikuta dada yake amevimba kuliko mgonjwa. Akakitazama kiti chake. "Mama watoto, hicho kiti..." Mkewe akamwekea kidole kwenye muhuri. Yule bwana alikuwa amesafirisha mizigo miaka thelathini, na karatasi yenye muhuri aliiheshimu kuliko askari. Akaisoma mara mbili.

"Dada, ina muhuri hii," akasema, akaingia jikoni kuchemsha viazi.

"Chumvi iko wapi?" akauliza kutoka huko.

Shavu akabonyeza barafu shavuni. Akasikia milango ya kabati ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepekua nyumba ya wenyewe. Viazi vilikuja vimepondwa nusunusu, vina mabonge, vimepoa. Akavila vyote.

Usiku ganzi ikaisha. Taya likawa linadunda kama mtu anayebisha hodi, lakini kichwa kilivyokuwa juu, mdundo ulivumilika. Karibu na saa sita akahisi ladha ya damu. Hakupiga kelele. Alikunja shashi mpya, akaing'ata, akaitazama saa ya ukutani nusu saa nzima. Damu ikakata.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha pili. "Wifi! Maji ya kunywa!"

Miaka tisa, kila usiku. Miguu ya Shavu ilijishusha yenyewe sakafuni. Akaitazama kama miguu ya mtu mwingine, akairudisha juu.

"Wifi! Wewe wifi!"

Akang'ata shashi yake. Baada ya mwito wa tatu mlango ukafunguliwa, ndara zikaburuzika hadi jikoni, bomba likalia. Wifi alirudi na bilauri, akasimama.

"Linauma?"

Shavu akatikisa kichwa kukubali. Wifi akajishusha kwenye stuli.

"Mimi manne walining'oa siku moja. Nikarudi nikafua mashuka ya mama mkwe, nimeinama. Damu ikadondokea kwenye beseni. Nikafua upya." Akapiga funda la maji. "Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kukaa hivyo."

Kisha akachukua kile kitambaa kilichokwisha pata joto, akaenda kukichovya maji baridi, akamrudishia shavuni kwa mkono mzito usiozoea. Shavu alimwonea huruma, huruma ya kweli. Lakini hakuinuka.

Asubuhi aliamka jua limeshapanda, mumewe anatembea kwa ncha za vidole. Siku ya tatu uvimbe ulishuka, akasukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, sauti ikarudi. Wifi akamwahi.

"Sasa si umepona? Jikoni panakungoja."

"Pataendelea kungoja," Shavu akasema. "Nitapika siku zangu, nanyi mtapika zenu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Mimi nikiumwa mnaweza, nikiwa mzima mnashindwaje?"

Wifi akasonya, sonyo refu la kuvuka ua. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama dirishani. Basi wifi akajifunga nguo kiunoni, akaingia jikoni.