Wingu Lililokalia Mlima

Jumanne, katikati ya Aprili. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini wingu lilishuka likakalia mlima mpaka nusu.

Mke wangu alikuwa siku ya pili ya uchungu na mtoto hajatoka. Muuguzi wa kijiji chetu cha ujamaa alisema hili ni la hospitali, na mto ulikuwa umekata barabara. Ikabaki ndege. Mtu wa redio kol ya zahanati, wa kumweleza rubani hali ya hewa, nilikuwa mimi, mwenye darasa la nne.

Rubani alinikataza kusema "nzuri" au "mbaya". Alitaka kimo cha wingu, yaani limeanzia wapi mlimani. Mwonekano, yaani mti gani wa mbali naona. Na upepo, ambao tuliusoma kwa moshi wa samadi tuliyoichoma mwisho wa uwanja wa ndege.

"Mura, nipe mlima," akasema redioni.

Niliutazama kutoka mlangoni. "Nusu yake siioni. Moshi unakata uwanja, unalalia mtoni."

"Upepo wa ubavuni na wingu chini. Basi siji. Nitakuuliza tena mchana."

Mama mkwe alisikia. Kwetu mkwe hatazamwi, kwa hiyo alikuwa nyuma ya zahanati, akauambia ukuta: "Wewe ukuta, ulishindwa nini kusema kweupe? Si angekuja akaona mwenyewe?"

Kwa haki yake, mimi pia nilikuwa nimewaza hivyohivyo. Lakini rubani naye ana mama. Nikakaa na redio. Watu walipita kwenda palizi ya shamba la kijiji na hawakunisalimu. Au walinisalimu nisisikie, siwezi kuapa.

Mchana wingu lilipanda, moshi ukasimama wima. Nikampa mlima wote. Tukaondoa ng'ombe uwanjani, akatua. Mke wangu akalazwa ndani, mama yake akazunguka kupandia mlango wa pili, kanga usoni, tusionane. Nafasi ya tatu haikuwepo. Injini haikuzimwa, kwa hiyo sijui kama mke wangu alisikia nilichomwambia.

Habari yao, nayo ilikuwa njema, ilinifikia kesho yake. Jioni hiyo sikuwa nayo. Nilikuta ugali wa mtama na maziwa ya mgando, vimefunikwa kwa ungo. Mama mkwe aliniandalia, sijui kabla ya kunikasirikia au baada. Nilikula peke yangu, nikaacha nusu.