Randa ya Milimita

Ukoo wetu una madaktari wengi. Bahati mbaya hakuna hata mmoja aliyesomea. Mgonjwa wetu alikuwa mdogo wangu, seremala. Mtaa mzima ulimwita Milimita, maana mlango ukipishana na fremu kwa unene wa kucha, aliung'oa akaanza upya.

Milimita huyo akaanza kuamka saa nne, kisha saa sita. Chakula alikionja kwa heshima tu. Meza ya mteja ikatoka karakanani inachechemea, naye hata hakuitazama mara mbili. Akasema amechoka. Shangazi akasema huo ni uvivu, amwagiwe maji alfajiri. Mjomba akaagiza mazoezi. Mimi, kaka mkubwa, bingwa wa mabingwa, nikamwambia apige moyo konde. Tulimtibu hivyo miezi minne, tukashangaa haponi.

Kisha akaanza kugawa vifaa. Mjomba akapata msumeno, jirani akapata patasi. Mimi akanipa randa aliyoachiwa na marehemu baba, ile ambayo hata kuigusa tulikuwa tukiomba ruhusa. Tulichekelea. Shangazi akatangaza kwamba moyo umemfunguka, amepona.

Mkewe alinikuta barazani naipaka randa mafuta. Nikamkaribisha kiti, akakikataa.

"Shemeji, fundi akigawa randa yake, kesho anategemea kufanya kazi na nini?"

Niliiweka randa chini.

"Nimemuuliza kama anafikiria kufa. Amesema ndiyo. Yuko hapo nje, tunakwenda hospitali sasa hivi. Unakuja, au una ushauri mwingine?"

Nilikwenda. Daktari, huyu wa kusomea, alimuuliza taratibu kuhusu usingizi, chakula, na mawazo ya kufa yalianza lini. Mambo mepesi kuuliza, na sisi miezi minne hatukuyauliza. Alipotaka kujua kwa nini amechelewa kuletwa, nikajitia kujibu mimi, kwamba wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Milimita akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Sikuficha, kaka. Nilisema nimechoka."

Anaendelea na matibabu. Shangazi bado anauliza hospitali siku hizi wanatibu uvivu kwa vidonge gani. Randa nimeirudisha kwenye rafu yake. Milimita hajaigusa, na mkewe amenipiga marufuku kuuliza ataigusa lini.