Shokapu Hazikulazwa Chali

Alhamisi asubuhi nilikuwa Chamwino, kwenye benchi la ofisi moja, nikimsubiri mtu niliyeambiwa tangu saa mbili kwamba yuko njiani. Simu ikaita. Alikuwa dereva wa zahanati moja ya vijijini, mtu ambaye hanipigii bila sababu. "Kaka, fundi wetu wa Chang'ombe ametutoka. Kifua tu, siku tatu, basi." Nikamshukuru kwa taarifa, nikakata simu, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa huzuni. Niliwaza kwamba sasa nimechelewa. Marehemu aliniomba aya moja miaka miwili iliyopita, nikamwahidi kuiandika wiki ileile, na sikuiandika. Wasomaji wangu wa siku zote mtanivumilia nikijitaja kuliko kawaida katika msiba wa mtu mwingine, maana kosa nitakaloeleza ni langu.

Alikuwa fundi wa shokapu. Kwa asiyejali mambo ya chini ya gari, shokapu ni ule mtungi mwembamba unaoituliza springi; bila huo, gari likishaingia shimoni linaendelea kudunda hata shimo likiwa limebaki nyuma. Wa kuzibadilisha wapo kila kona ya mji huu. Yeye alihangaika na jambo ambalo wenzake hawakuliona kuwa ni jambo: zisimame kiasi gani na ziiname kiasi gani. Ikisimama wima kabisa, alikuwa akisema, inafanya kazi yote, lakini kwenye gari la njia mbovu inaweza kufika mwisho wake mapema, chuma kikagonga chuma. Ukiiinamisha kidogo, gurudumu linapata nafasi zaidi ya kupanda na kushuka. Ukizidisha, haitulizi kitu tena, umefunga pambo.

Siku nilipompelekea gari langu nilikuta miguu yake tu, imetokeza mlango wa nyuma wa gari la ile zahanati. Alikuwa amelala juu ya godoro jembamba, kichwa pale ambapo mgonjwa huweka kichwa, na pembeni amepanga mifuko ya mchanga iwe badala ya muuguzi na ndugu wa mgonjwa. Akamwambia dereva aende kwenye njia ya makorongo nje ya mji. "Nenda mwendo wako wa kila siku. Usinihurumie." Waliporudi alitoka ameshika kiuno, vumbi hadi kwenye kope, akaingia uvunguni. Alikuwa ametoboa matundu kadhaa kwenye kibati kinachoshika ncha ya juu ya shokapu. Akaihamisha tundu moja, akarudi kulala, wakaondoka tena. Nilihesabu safari tano. Ya tano ilipokwisha nikamfuata. "Shikamoo fundi. Kwani huwezi kupima ukiwa umekaa mbele na dereva?"

"Marahaba, mwandishi," alijibu huku akijipangusa. "Mbele hakuna mgonjwa."

Mtu mwenye akili angeandika jibu lile na kuishia hapo. Mimi nilitaka kuchekesha. Wiki ile niliandika kwenye safu hii kwamba Chang'ombe kuna fundi anayelala kazini mchana kweupe, na kwa kuwa anaamini usingizi, hata shokapu zake amezilaza chali kama yeye. Mlicheka sana. Nilipata ujumbe mwingi kuliko nilioupata kwa makala zangu zote za bajeti. Ila shokapu zile hazikuwa chali. Niliinama nikaziona kwa macho yangu: ziliinama kidogo tu, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani na mtu mwangalifu. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika. Neno "chali" lilikuwa tamu zaidi, nikalichukua.

Jumapili moja alikuja nyumbani kwangu Miyuji akitoka kanisani, shati limepigwa pasi, gazeti limekunjwa mfukoni. Nikajiandaa kudaiwa radhi au kutukanwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa, akanywa chai, ndipo akalifungua gazeti na kuweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Hili la kulala sina neno. Nilikuwa nimelala kweli. Lakini hapa umekosea. Zilale chali zifanye nini?"

"Fundi, ule ulikuwa utani tu."

"Kwako utani. Kuna mteja amekuja na gazeti lako mkononi, anataka nimlazie hivyohivyo. Nimekataa. Akaenda kwa mwingine, akalaziwa. Sasa gari lile linapeleka watu mnadani, limejaa hadi juu, barabara yenyewe imejikunja kama bati. Likianza kuyumba pale halishikiki. Mimi silali vizuri, mwandishi. Andika tu kwamba zinainama kidogo na kwamba zipimwe na mzigo ukiwa ndani. Watu wanakuamini wewe kuliko sisi."

Nikamwahidi. Akanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hisani, akaenda zake. Wiki ile kulikuwa na habari kubwa zaidi, na iliyofuata pia, kisha nikaanza kuona haya kurudia jambo la zamani. Niseme ukweli: kusahihisha kungekuwa kukiri kwamba nilijua, na sisi watu wa kalamu tunapenda kukosolewa kwa maoni yetu kuliko kwa mambo tuliyoyaona kwa macho. Nilianza hata kupita njia nyingine nikienda sokoni ili nisimkute. Gari la mnadani sijui liko wapi mpaka leo, na sikuwahi kulitafuta.

Nimekuwa nikifikiria tofauti ya kazi zetu mbili. Fundi akikosea, gari linarudi uwanjani kwake na mwenye gari amefura. Kosa langu halirudi. Linaondoka na mtu nisiyemjua, linapakia watu nisiowajua. Na mji wetu unavyokua, wengi wetu tunaofanya kazi za kusema na kuandika hatutoki nje ya lami. Tunazungumza kwa kujiamini juu ya barabara ambazo wenzetu ndio wanaosafiri juu yake, wengine wakiwa na uchungu wa kujifungua. Yule mzee angeweza kukisia kama ninavyokisia mimi. Aliona afadhali akaumie kiuno kuliko kumkisia mtu mwingine maumivu yake.

Jumamosi nilikwenda msibani. Nilimsalimia mjane na kumpa pole, nikiomba kimoyomoyo asinitambue. Alinitambua.

"Wewe si ndiye yule mwandishi? Picha yako naijua," alisema taratibu, bila hasira yoyote. "Kila wiki alikuwa ananunua gazeti lako, baba. Anafungua ukurasa wako, anausoma wote mpaka chini. Nikimuuliza kuna nini, anasema bado, labda wiki ijayo."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki na wanaume wengine nikatazama chini, na nililia, ingawa si kwa namna ya kumfariji mtu yeyote.

Basi niandike. Shokapu za gari la njia mbovu hazilazwi chali. Zinainama kidogo tu, na kiasi chake kinapimwa gari likiwa na mzigo, kwenye barabara litakayopita gari lenyewe, na fundi akiwa amekaa au amelala pale atakapokuwa mtu wa kuumia. Niliyoyaandika awali hayakuwa kweli, na nilijua hayakuwa kweli. Kama ulimsikiliza mwandishi, gari lako lirudishe kwa fundi leo.

Nimejifunza kwamba kumwahidi mtu neno la haki kisha kuliahirisha ni kumnyima, hata ukimnyima kwa upole. Sahihisho hili limenichukua robo saa kuliandika. Aliyelisubiri miaka miwili ndiye peke yake ambaye hatalisoma.