Babu, Lango na Tundu Langu la Kayaba

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Wiki iliyopita nilikwenda kumchukua binti yangu shuleni, shule ya serikali huko Mlolongo, na mlinzi wa langoni akanisukumia kitabu cha wageni kilichojaa vumbi la machimbo. Nilipoinama kuandika, katani ile ikanijia puani, harufu kavu ya gunia jipya, na papo hapo nikawa msichana wa darasa la sita huko Kola, nimechelewa, na babu yangu amesimama langoni akitazama saa yake.

Naomba mnihurumie kidogo, wasomaji wangu. Wenzangu walikuwa na babu wa kuwakatia miwa na kuwasimulia hadithi. Wangu alikuwa mlinzi wa shule niliyosoma. Tena nilipewa jina la mkewe, kama ilivyo desturi yetu Wakamba, kwa hiyo mbele ya shule nzima aliniita kiveti kyakwa, yaani mke wangu. Mke huyo hakupata upendeleo wowote.

Mwanzoni kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi na kusalimia watu. Kisha mwalimu mkuu, Madamu Kavata, akaenda semina mjini Machakos kuhusu usalama wa shule. Alirudi na kitabu kikubwa cha wageni, filimbi, na beji sita zilizoandikwa MGENI, akamkabidhi babu vitu hivyo asubuhi tukiwa tumepanga mistari.

"Mzee Musembi," akasema, "kuanzia leo hakuna mtu anaingia hapa bila kuandikwa. Hata akiwa nani."

Hayo maneno matatu ya mwisho Madamu aliyajutia sana. Susu, nyanya yangu, alimsokotea babu kamba ya katani ya kufungia kalamu isiibiwe, na kuanzia hapo babu akawa mtu mwingine. Mume wa Madamu, aliyemletea mkewe miwani aliyoisahau, aliandikishwa. Padri aliyekuja kuwaombea darasa la nane kabla ya mtihani aliulizwa anakuja kumwona nani. Akajibu kwa upole kwamba anawaletea watoto Mungu. Babu akamwambia Mungu hana haja ya kuandikwa, lakini yeye padri aandike. Jirani mmoja aliyeingia kumfuata mbuzi wake aliandikishwa pia, na kwenye nafasi ya anayekuja kuonwa pakaandikwa "mbuzi". Mbuzi mwenyewe alipewa saa ya kutoka.

Sisi wanafunzi lango lilitufungia saa moja na nusu kamili. Mimi nilipenda usingizi, sitawaficha. Babu alitoka nyumbani alfajiri, na huku nyuma Susu aliniamsha kwanza kwa maneno, halafu kwa maji. Bado nilichelewa. Na kila nilipochelewa babu alinirudisha nyumbani nikamlete mzazi ajieleze, na mzazi wangu pale Kola alikuwa Susu, mke wake mwenyewe, ambaye alifika langoni akiwa na hasira za watu wawili.

Ndipo nikagundua tundu. Shule yetu ilizungushiwa ua wa kayaba, ule mti wenye miiba mirefu kama kidole, na nyuma ya vyoo vya darasa la nne kulikuwa na mahali pa kunitosha mimi na mkoba wangu. Nilipita hapo mwaka mzima. Jambo la ajabu ni kwamba sikuchomwa na mwiba hata siku moja, na nilijisifu moyoni kwamba mimi ni mwepesi kuliko watu wengine.

Sasa sikilizeni nilivyoingia taabuni. Jioni moja babu alirudi nyumbani, akaketi, akaanza kuisugua filimbi yake kwa majivu. Susu alipomwuliza ana nini, akasema kuna afisa anakuja kukagua usalama wa shule. Atazunguka ua wote. Atapima jinsi tunavyofanya mazoezi ya kujikinga na hatari.

"Akipata makosa, wanaleta kampuni ya ulinzi ya mjini," akasema. "Vijana wa kofia na buti. Mimi nirudi kukaa na kuku."

Chakula kilinishinda. Afisa angezunguka ua, angefika nyuma ya vyoo, angeona tundu, na babu angefukuzwa kwa sababu ya usingizi wangu. Niliogopa, na zaidi ya kuogopa niliona aibu. Babu alikuwa akiisugua filimbi ile upande mmoja, kisha upande wa pili, kana kwamba usafi wake ndio utakaomwokoa.

Siku ya afisa niliamka bila maji. Nilichukua gunia kuukuu na matawi ya miiba, nikaenda kuziba tundu langu. Nilifanya kazi nzuri. Nilisukuma, nikafuma, nikajichoma mikono yote miwili, na nilipomaliza hata sungura asingepita. Nikasimama nikifurahia kazi yangu, kengele ikalia, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nje.

Basi nikaenda langoni. Afisa naye alikuwa amefika mapema makusudi, mtu mnene wa viatu vya kung'aa, faili kwapani, na babu alikuwa amemsimamisha.

"Mzee, mimi ndiye afisa mwenyewe," alikuwa akisema.

"Nimesikia. Andika hapo, afisa mwenyewe. Uko na aidi?"

Madamu Kavata alikuwa amesimama kando, akicheka kwa meno peke yake. Afisa akaandika, akatoa kitambulisho, akabandikwa beji ya MGENI kifuani. Kisha babu akanigeukia mimi.

"Kiveti kyakwa. Saa moja na dakika thelathini na nane."

Akafungua ukurasa wa wachelewaji, akaniandika. Afisa akamtazama kwa mshangao. "Huyu ni mke wako?"

"Ni mjukuu," babu akasema. "Lakini saa ni saa."

Mazoezi yakaanza. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo. Mapigo matatu yalikuwa ya kuingia darasani, na kupigwa bila kupumzika, tuliambiwa, kungekuwa ishara ya hatari: tutoke kwa mistari hadi uwanjani, lango lifungwe, asiingie mtu wala asitoke. Haya yote Madamu alituambia sisi na walimu. Majirani hakuna aliyewaambia. Na kwetu Ukambani, mtu akipiga mbu, ule ukelele wa kuomba msaada, au kengele ikilia bila kukoma, hakuna anayeuliza. Unaacha ulichoshika, au unakuja nacho, na unakimbilia sauti inakotoka. Madamu amezaliwa palepale na alilijua hilo tangu akiwa mtoto, ila semina ilikuwa imemjaa kichwani ikalisukuma nje.

Mwalimu wa zamu akaigonga rimu. Tulitoka vizuri ajabu. Afisa alitazama simu yake akihesabu dakika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na nikaanza kuamini kwamba babu amepona. Kisha tukasikia vishindo vya miguu, na ua wa kayaba ukaanza kutikisika.

La kwanza kufunguka lilikuwa tundu langu. Lile gunia lilirushwa hewani, na nyuma yake akatokea Susu na jembe mkononi, tawi la miiba limenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Sikujua hata kama alikuwa akilijua tundu lile. Kabla sijafunga mdomo, kayaba ikafunguka nyuma ya jiko, na kando ya uwanja, na karibu na tangi la maji. Nilihesabu matundu saba, na mimi mwaka mzima nikidhani langu liko peke yake. Mama Ndanu alikuja na mwiko wenye ugali. Kuna mzee alikuja amenyolewa ndevu upande mmoja, povu likimtiririka shingoni.

Na alikuja Syombua. Huyu alikuwa mwanamke mzee wa miguu mibovu, jirani wa shule. Pale kijijini kila mwanamke aliitwa Mama Fulani, ila yeye aliitwa Syombua tu, kwa sababu hakuwahi kupata mtoto. Sisi tulimwogopa kwa vile alilinda mapera yake dhidi yetu kwa mawe, na shabaha alikuwa nayo. Siku hiyo alikuja na panga.

"Aiya! Ni nini? Mwizi ni nani?" watu wakapiga kelele.

Wakatazama huku na huku, na kati ya watoto wao wakaona mtu mmoja tu wasiyemjua, amevaa viatu vya kung'aa. Wakamzunguka. Madamu alikuwa akipayuka kwamba ni mazoezi, ni mazoezi jamani, lakini mwalimu wa zamu hakuwa ameambiwa anyamaze wakati gani, kwa hiyo aliendelea kuipiga rimu kwa moyo wake wote na hakuna aliyemsikia Madamu.

Syombua akafika mbele kabisa. "Wewe! Unataka nini na watoto ya watu?"

Afisa akainua mikono yote miwili juu. Faili lilianguka. Nikatazama langoni, na babu alikuwa amesimama palepale wima, kwa maana amri ilikuwa asiingie mtu, na kwa kweli langoni kwake hakuwa amepita hata mmoja. Ilimchukua muda kugeuka. Kisha filimbi ikalia, ile iliyosuguliwa, kali hadi mwalimu wa zamu akaacha rimu. Babu akaja kwa hatua za haraka, koti lake zito la kijani likipepea, kitabu kimefunguliwa mikononi.

"Wacheni huyo! Huyo ameandikwa!"

Syombua hakujua kusoma. Alitazama beji kifuani mwa afisa, akatazama kitabu, akatazama kidole cha babu kilipogusa. "Ameandikwa?"

"Ameandikwa. Aidi nimeona."

"Basi," akasema Syombua, akashusha panga. Afisa akapumua.

Babu akainua macho, akawatazama watu wale wote, majembe yao na miiko yao. "Nyinyi ndio hakuna mmoja ameandikwa," akasema. Na jamani, aliwapanga foleni! Iliundwa foleni kuanzia langoni hadi jikoni, Susu akiwamo, wakaandikwa mmoja mmoja. Kila mtu alipoulizwa anakuja kumwona nani alitaja mtoto wake, na mtoto huyo alijificha kwa aibu. Susu alitaja jina langu, ambalo ni lake.

Ikafika zamu ya Syombua.

"Unakuja kuona nani?" babu akamwuliza.

"Wewe andika tu."

"Niandike nani?"

Sisi tuliokuwa karibu tukaanza kucheka, maana tulijua hana mtu. Syombua akageuka akatuangalia, mstari baada ya mstari, bila haraka. "Andika wote," akasema.

Babu akaandika bila kuinua kichwa. Sisi tukacheka zaidi, na nadhani aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Afisa alipanga foleni na wengine apate saa yake ya kutoka. Kabla ya kuondoka alimwuliza Madamu gari la kampuni lingechukua muda gani kufika kutoka mjini. Madamu akasema saa nzima, kama mvua haijanyesha. Afisa akatazama simu yake. "Hawa wametumia dakika nne," akasema, kisha akashika ile kalamu ya katani akaandika chini ya ukurasa: Mlinzi abaki. Matundu yazibwe.

Babu aliyaziba yote saba kesho yake, kila mtu akimwona. Juma moja baadaye nilichelewa, nikaenda kujaribu bahati yangu, na tundu langu lilikuwa wazi.

Krismasi iliyopita nilikwenda Kola. Babu amestaafu na anakaa na kuku, tena kwa furaha. Nikamwuliza, baada ya miaka yote hii, ni nani aliyekuwa akikata ile miiba. Akacheka hadi akakohoa.

"Kiveti kyakwa, ulifikiri kayaba inajinyoa?"

Kumbe kila Jumamosi alizunguka na panga akisafisha matundu yote. Alijua lipi ni la nani. "Lango ni ya watu sijui," akaniambia. "Hawa wengine najua. Na moto ukishika, watoto mia tano watatoka na lango moja?" Kisha akanitolea kile kitabu kutoka chini ya kitanda. Nilipekua hadi siku ile, nikashuka na kidole kwenye nafasi ya wanaokuja kuonwa: Ndanu, Kioko, Mutheu, Ndunge, na baada ya Ndunge, kwa mwandiko wa babu ulionyooka, Wote. Syombua alishafariki. Sikucheka. Nililia kidogo, na babu akajifanya anatafuta miwani.

Nilijua nikiwa mtoto kwamba mwanamke yule hakuwa na mtoto pale. Sikujua kwamba alikuwa amekimbia na panga, kwa miguu ile mibovu, kwa ajili ya wezi wa mapera yake.

Hayo ndiyo yaliyonipitia nikiwa nimeinama juu ya kitabu cha Mlolongo. Niliandika jina la binti yangu, nikalitazama. Kengele ikilia pale nitakimbia kwa ajili yake, hilo najua. Kwa wale wengine, ambao hata majina siyajui, sikuwa na hakika, na niliona haya. Nilipomchukua mtoto sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilimshika mkono tukaanza kuuzunguka ukuta wa shule, wa mawe, mrefu, na vigae vya chupa juu. Mlinzi, kijana wa kofia na buti, akatufuata.

"Mathe, unatafuta nini huku?"

"Natafuta tundu," nikamwambia.

"Hapa hakuna tundu. Ukuta ni mpya."

"Naona," nikasema. "Sasa siku kengele ikilia, mimi nitapitia wapi?"

Aliinua macho akavitazama vile vigae vya chupa. Kisha akarudi langoni, akakifungua kitabu, akaniandika mara ya pili, na kwenye nafasi ya anayekuja kuonwa akaandika "tundu".