Cheti cha Daktari wa Simu

Mpiga pasi wa kiwanda cha mashati aliamka mgongo umekaza kama ubao. Daktari wa mtandaoni akamtazama kwenye simu, akamwambia ainame, akamwandikia cheti cha siku tatu za kupumzika. Meneja akakikataa cheti.

"Daktari hajakugusa, atajuaje unaumwa? Huo ni usanii."

Maneno hayo, jamani, yalitoka kwenye skrini iliyotundikwa juu ya mlango wa kiwanda. Meneja huyo alisimamia kazi akiwa nyumbani kwake, na tangu aajiriwe mwaka juzi hakuna mfanyakazi aliyewahi kuiona miguu yake.

Mpiga pasi akajishika kiuno, akainua macho taratibu.

"Sawa, bosi. Basi naenda kulala. Akija meneja wa kugusika kunizuia, nitarudi."