Firigisi Aliyopewa Jelagat

Jelagat hakuwa mtu wa kuamini watu ovyo. Huyu fundi wa nguo mjini Kitale alikuwa akikupima kiuno mara mbili, maana hata futi yake mwenyewe aliishuku. Kwa hivyo miguu ilipokufa ganzi, ganzi ikapanda hadi magotini na vidole vikashindwa kushika sindano, hakuuliza ni ugonjwa gani. Aliuliza ni nani.

Na jibu alikuwa nalo: Dinah, dada ya mumewe, kule Bungoma. Majuzi Jelagat na mumewe walimtembelea, akachinja kuku, kisha firigisi akamwekea Jelagat. Jamani! Bungoma nzima inajua firigisi ni ya mwanamume. Wabwile, mumewe, ameketi pale anameza mate, eti mke ndiye apewe? Jelagat aliila kwa adabu tu. Ilikuwa ngumu, ndani bado nyekundu. Kesho yake akaharisha vibaya sana.

"Aliniwekea kitu," alimwambia daktari Kiplimo wodini, mikono imelegea kitandani.

Daktari hakucheka. Akamweleza kwamba kuku asiyeiva hubeba vijidudu, na mwili ukipambana navyo hutoa kemikali za kuchochea uvimbe, zinazoita askari wa damu. Askari wake walimaliza vijidudu, halafu wakakosea adui: wakaanza kutafuna ngozi inayofunika mishipa ya fahamu.

"Ni mwili wako unajipiga, mama. Dawa itautuliza. Lakini lazima ule."

"Si nilisema ni kuku!" akajibu Jelagat. Mengine hakuyataka. Chakula cha hospitali alikataa, cha jirani akakataa, na nguvu zikazidi kumwisha. Daktari alihofia hata pumzi itamshinda.

Ndipo Dinah akaingia na chupa ya uji na kikombe.

"Onja wewe kwanza," Jelagat akamwambia.

Dinah akaonja.

"Ongeza."

Akaongeza.

"Sasa niambie, firigisi ulinipa ya nini?"

Dinah akaweka kikombe chini. "Kwani hujui, wifi? Tangu Wabwile afutwe kazi, nani analisha hiyo nyumba? Nilitaka aone kwa macho yake nani mwenye haki nayo." Machozi yakamtoka. "Ningeacha iive, bana. Nilikuwa na haraka ya kukuona ukiila."

Jelagat aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alitaka kumshika wifi yake mkono, lakini wake ukakataa kuinuka. Basi akafungua kinywa alishwe.